Salamu Iliyokosekana

Nyumbani kwa mume wangu kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyekumbuka ilitungwa na nani, wala hakuna aliyethubutu kuivunja: mtu aliye mbali hapelekewi habari ya kifo. Akifa mama yake, ataambiwa mama hajambo. Ukweli utamsubiri nyumbani, aupokee akiwa ameketi, amekunywa maji, na ndugu zake wamemzunguka. Walisema hiyo ni huruma. Mimi nilipoolewa pale Mungaa niliona ni jambo la maana kabisa, maana wakati huo sikuwa na mtu yeyote aliye mbali.

Kisha Waingereza wakataka vijana wa kwenda vitani. Jumbe wetu akapita nyumba kwa nyumba akitazama vifua vya watu kama mtu anayechagua madume mnadani, na mume wangu alikuwa na kifua. Akaambiwa amalize mavuno, halafu aripoti bomani Singida. Nilikuwa na mimba, na haikuwa ya kwanza. Ya kwanza ilitupa mtoto wa kiume aliyelia mara moja tu, akanyamaza, akazikwa kabla mimi sijaweza kusimama. Kwa hiyo hofu yetu haikuanza na vita. Vita iliikuta hofu imekwisha kujenga.

Pale nyumbani mke na mume hawakuwa wakipiga soga mbele ya wazee. Mambo yetu tuliyazungumza shambani tukikata uwele, kila mtu na mstari wake, macho chini, ili mtu akipita adhani tunalalamikia ndege. Siku za mwisho mwisho aliniambia maneno aliyoyapata kwa baba yake mdogo. Huyo mzee alikuwa mpagazi katika vita ya Mjerumani, na muda wote alipokuwa porini kila msafiri aliyepita alimwambia mama yake hajambo. Alirudi na kitambaa cha zawadi, akaonyeshwa kaburi lililokwisha kuota majani.

"Baba mdogo amenifundisha," mume wangu alisema. "Wakiniandikia kwamba fulani hajambo, nisiamini. Nitazame kama mtu mwenyewe ametia neno lake. Mtu hai hakosi neno."

"Basi nitatia," nikamjibu. "Nitatia mpaka uchoke."

"Nisipoziona salamu zako, nitajua."

Nilimkaripia. Nilimwambia asiongee mambo ya mkosi shambani kwangu, na nikakata uwele kwa nguvu mpaka nikajikata kidole. Lakini neno lenyewe lilikuwa limekwisha kuniingia, na halikutoka tena.

Siku ya kuondoka hakunishika mkono. Asingeweza, baba yake amesimama pale. Alimuaga baba, akamuaga mama, akawaaga wajomba na majirani, na alipofika kwangu alisema, "Haya," nami nikasema, "Haya." Walikwenda kwa miguu mpaka Ikungi, huko lori likawachukua. Niliingia ndani ya tembe nikakaa karibu na jiwe la kusagia, nikiona uchungu kwamba mtu anakwenda kufa au kupona, na kati yetu limepita neno moja kama la kuazimana jembe.

Barua zilianza kuja. Mume wangu alikuwa amesoma misheni kidogo, kwa hiyo aliandika mwenyewe. Mimi sikujua hata herufi moja. Zilifika barazani Ikungi, na kutoka huko mwalimu wa dini wa kijijini kwetu alizichukua, akaja kuzisoma uani, baba mkwe akiwa kwenye kigoda chake na sisi wengine chini. Barua ilikuwa ya baba. Ilianza na baba, ikaenda kwa mama, kwa baba wadogo, kwa shangazi, kwa majirani wa kulia na wa kushoto, na mimi nilikuwa mahali fulani huko chini, karibu na wachunga mbuzi: "Na mke wangu nampa salamu." Hapo moyo wangu ulitulia, nikaacha kusikiliza. Mwishoni kulikuwa na yale maneno ya kila barua, kwamba yeye ni mzima, hofu ni kwetu. Niliyachukia maneno hayo. Mtu yuko kwenye risasi, anatuambia hofu ni kwetu!

Majibu yaliandikwa papo hapo, na mwalimu alikuwa na utaratibu wake, mtu mkaidi sana. Hakuandika salamu ya mtu ambaye hakufungua kinywa mwenyewe. Ukimwambia, "Mtie na fulani," aliuliza, "Yuko wapi aniambie?" Alisema salamu si kitu cha kumchukulia mtu bila yeye kujua. Basi tulipita mbele yake mmoja mmoja, kila mtu akasema lake, naye akaandika. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Namsalimu," uso nimeugeuzia pembeni kwa heshima ya baba mkwe, na lilikuwa limekwisha. Mtu wa nje angeona ni salamu ya kinyonge. Sisi wawili tulijua ni nini.

Niliendelea hivyo mpaka nikajifungua.

Alikuwa msichana, mwenye sauti. Mama mkwe ndiye aliyempokea, na kabla hata hajamfuta vizuri alinishika bega akasema kwa Kinyaturu chake kizito kwamba huyu hatangazwi. Yule wa kwanza tulimtangaza mara tu alipolia, ngoma ikapigwa, na wote tukaona yaliyompata. Huyu atakaa ndani, hatatajwa, hataonyeshwa watu wa nje, mpaka atakapotembea kwa miguu yake mwenyewe. Hata jina hakumpa. Alimwita "huyu mgeni." Mwanamke yule alikuwa amezika watoto wake mwenyewe zaidi ya mara moja, na aliyasema haya huku akimfunika mtoto mpaka usoni, kwa hiyo sikubishana naye. Na nilikuwa nimechoka, na mtoto ananyonya, na nilikuwa na furaha ya mtu anayeogopa kupumua.

Siku ambazo nilikuwa bado ndani, mwalimu alikuja na barua. Nilimsikia kupitia ukutani. Mume wangu alikuwa Bama sasa, huko mbele ya Bara Hindi, mvua kubwa, tope mpaka magotini, sisi wote anatusalimu. Kisha watu wakapita kutoa majibu yao, mmoja baada ya mwingine. Nilisikia sauti zote. Nikasikia mwalimu akiuliza, "Na mke wake?" Mama mkwe akajibu haraka, "Huyo acha, hayupo uani." Mzazi aliye ndani hatoki kwenda kusimama mbele ya wanaume, na kusema sababu ya mimi kuwa ndani kungekuwa kumtangaza mtoto. Mwalimu kwa ukaidi wake hakuandika. Nilitaka kupiga kelele kupitia ukuta ule. Nilifungua kinywa kabisa. Mtoto akashtuka akaanza kulia, nikamziba kwa titi, na nilipopata nafasi tena, mwalimu alikuwa amekwisha kuaga.

Tangu siku ile sikupata usingizi wa maana. Nilijiambia mtu mwenye akili atafahamu. Atajua muda wa mimba, atahesabu, ataona kwamba nimejifungua na niko ndani. Halafu nikajijibu mwenyewe kwamba hicho hasa ndicho kitakachommaliza. Atahesabu, ataona ndio wakati wa kujifungua, na ataona salamu zote zipo, mpaka za wachunga mbuzi, isipokuwa zangu. Nilikuwa nikimnyonyesha mwanangu mzima, mnene, huku najiombolezea.

Barua iliyofuata ilichelewa mno. Ilipokuja nilikuwa nimekwisha kutoka ndani, nimekaa uani na wenzangu, mtoto amefichwa kwa shangazi yake. Mwalimu akasoma. Baba alisalimiwa, mama alisalimiwa, baba wadogo, shangazi, majirani, wachunga mbuzi. Mimi sikutajwa. Barua ikaisha kwa maneno mafupi: "Mimi huku nimenyoa nywele zote. Msiwe na wasiwasi juu yangu."

"Jeshini wananyolewa," jirani mmoja akasema. "Kwa ajili ya chawa."

"Ni kweli, chawa," wakakubaliana.

Kwetu mtu ananyoa kichwa anapofiwa, na kila aliyekuwa uani alilijua hilo, lakini hakuna aliyekuwa na sababu ya kulifikiria isipokuwa mimi. Mume wangu alikuwa amenilia matanga huko Bama, kwenye tope, na mimi nimekaa hapa nachambua mlenda.

Mwalimu alikuwa na haraka siku hiyo, akaahirisha majibu; nami nikamfuata mama mkwe kwenye ghala nikamwambia yote, maneno ya shambani na ya baba mdogo. Alisikiliza akiwa ameshika nguzo. Kwanza alikasirika kwamba tumekuwa na mambo ya siri, halafu akaogopa, halafu akaenda kwa mumewe. Sikumlaumu baba mkwe kwa alichofanya. Alifanya upesi, bila kumngoja mwalimu, na kwa nia njema. Siku ya mnada alikwenda Ikungi, akamtafuta karani pale barazani, akamwambia aandike kwamba mke wako hajambo kabisa, usiwe na shaka, akapeleka. Akarudi amefurahi, amebeba nyama. "Nimelimaliza," akasema.

Mimi sikula nyama ile. Mke wako hajambo! Hayo ndiyo yale yale waliyomwambia baba mdogo kuhusu mama yake. Mzee wangu wa watu alikuwa ameifunga safari yote ile ya jua kali kwenda kunizika mara ya pili.

Jibu lilikuja wakati wa kupalilia. Safari hii nilitajwa, na ingekuwa afadhali nisingetajwa. "Baba, nimesikia uliyoniandikia kuhusu mke wangu. Ahsante kwa kunionea huruma. Nakuomba usisumbuke tena. Mimi nimejitolea kwenye kundi linalotangulia mbele, maana wenzangu wana watoto." Mwalimu alishusha karatasi. Hakuna aliyesema habari ya chawa siku hiyo. Baba mkwe alinitazama, mara yake ya kwanza kunitazama usoni tangu nilipoolewa, kama mtu anayehakikisha.

"Aandike tena," mama mkwe akasema. "Aseme mwenyewe huyu."

"Nitaandika," mwalimu akajibu, "lakini mwandiko ni wangu ule ule. Nikiandika mke wako anakusalimu, atajua ni baba ameniagiza. Ningekuwa mimi, nisingeamini."

Walikubaliana waniache mpaka siku ya pili niwaze. Nilikwenda kwenye jiwe la kusagia, maana huko ndiko mwanamke alikoachwa na mawazo yake bila kuulizwa, nikapiga magoti nikaanza kusaga. Nilitafuta kitu ambacho mwingine yeyote duniani hawezi kukijua. Makovu yake mama yake aliyajua. Maneno ya shambani nilikwisha kuyatoa ghalani, na karani anaweza kuyaandika kwa kuagizwa. Nilisaga mpaka jasho likadondokea unga, na hapo ndipo nikakumbuka, nikaacha kusaga, maana nilichokumbuka kilikuwa kibaya mno kusemwa.

Wakati wa mimba ya kwanza niliumwa sana, siwezi kuinama. Mama mkwe alikuwa kwao kwenye msiba. Mume wangu alifunga mlango, akaweka gogo nyuma yake, akapiga magoti mahali hapa hapa, akasaga uwele. Mwanamume! Kwetu mwanamume aliyeonekana kwenye jiwe hakuwa na pa kuweka uso. Wenzake wangemwimbia kwenye pombe mpaka azeeke. Alisaga vibaya, akikohoa unga, nami kitandani nikicheka kwa maumivu. Aliniapisha nisimwambie mtu hata siku moja, na sikuwahi kumwambia mtu.

Siku ya pili mwalimu alikuja, na sijui nani aliita watu, maana ua ulijaa. Nilipiga magoti, nimempa baba mkwe ubavu, uso nimeuelekeza kwenye zizi. Niliona wazi kwamba namwokoa mume wangu na kumwaibisha kwa pumzi moja, na kwamba akirudi huenda asinisamehe. Lakini kwanza arudi.

"Mwalimu, andika," nikasema. "Mimi mke wako nasema hivi. Ule uwele uliousaga mwenyewe nilipokuwa naumwa, umefunga mlango na gogo, ulikuwa na chenga. Nilikula hivyo hivyo ili usijisikie vibaya."

Wifi yangu akatoa kicheko akakimeza, na mwanamume mmoja pale nyuma akauliza kwa sauti, "Alisaga?" Mama mkwe alijifunika mdomo kwa nguo. Mwalimu hakuwa ameandika kitu. Kalamu ilikuwa hewani, na macho yake yalikuwa kwa mwenye nyumba. Baba mkwe alitazama ng'ombe wake kwa muda mrefu sana. Nilifikiri ataniambia nifunge mizigo nirudi kwetu.

"Andika kama alivyosema," akasema.

Nikataka kuongeza habari ya mtoto. Nilimtazama mama mkwe, naye akatikisa kichwa, macho yamemtoka, akaniomba kwa uso wake wote. Nikanyamaza. Barua ikaenda hivyo. Tulisikia kuna mzungu aliyefungua barua za askari njiani kuzikagua; sijui alielewa nini kuhusu unga wetu.

Kungoja huko ndiko kulikonizeesha. Kisimani wanawake waliniita mke wa msagaji, nami niliwajibu ovyo, nilikuwa tayari kugombana na yeyote, maana ugomvi ulinisaidia kutowaza. Kila nilipoona mtu anakuja kwa njia ya Ikungi akitembea upesi, nilitua mtungi nikamtazama. Na kama alitembea polepole niliutua pia, maana wapeleka habari za msiba hutembea polepole. Vijana wawili wa karibu na Kilimatinde tulisikia wameanguka huko huko Bama. Tulisikia kwa uvumi tu, kwa sababu hata serikali, ilipofika kwetu, ilijifunza kunyamaza.

Barua ilipokuja, mwalimu aliifungua akaisoma kimya kwanza, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. Kisha akamgeukia baba mkwe.

"Mzee, samahani. Barua hii haianzi na wewe."

"Inaanza na nani?"

Mwalimu alininyooshea kidevu. Watu wakaguna. Baba mkwe alikaa sawa kwenye kigoda chake.

"Isome inavyoanza," akasema.

"Mke wangu, unga ule haukuwa na chenga. Kama zilikuwepo ni kwa sababu wewe mwenyewe hukuupepeta uwele vizuri, nami nilikuta umewekwa hivyo. Na umeniaibisha kwa watu wote wa Mungaa, na nikirudi tutaongea."

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Mama mkwe alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilikuwa nalia na kucheka pamoja, sijali nani ananiona. Alikuwa hai, na alijua niko hai, na alikuwa ananigombeza! Mwalimu peke yake hakucheka. Aliinua mkono kuonyesha kwamba bado, akangoja watu watulie.

"Nimerudi kwenye kundi langu la zamani. Sasa najua upo, nami nitajitunza. Juu ya yule uliyekuwa umembeba, mmenyamaza wote, na mimi nimeelewa. Sitauliza. Wewe pumzika, wala usijilaumu."

Kicheko kilikatika. Hata baba mkwe aliinamisha kichwa. Kutoka ndani ya tembe ilisikika sauti ya mtoto anayeongea peke yake, ile ya watoto wanaojaribu midomo yao, na majirani wakatazamana, maana wengine hawakujua kabisa kwamba kuna mtoto.

Mama mkwe aliinuka. Alikwenda ndani polepole, na nilidhani anakwenda kumnyamazisha. Alitoka amempakata, kichwa cha mtoto hakijafunikwa, akapita katikati ya watu wote wale ambao macho yao alikuwa ameyaogopa tangu mtoto alipozaliwa, akasimama mbele ya mwalimu.

"Andika," akamwambia. "Andika: mimi mama yako, nimemshika mwanao. Ni wa kike. Ana meno, anauma. Andika sasa hivi, nikiwa nimemshika."

Mwalimu aliitafuta karatasi akaanza. Hakuwa mwepesi wa kuandika, na jua lilikuwa kali, na watu walimwambia mama akae kivulini. Hakukaa. Alisimama pale amembana mjukuu wake kifuani kwa mikono miwili, mpaka neno la mwisho lilipoandikwa.